Uzazi Wangu Kando ya Uwanja wa Chuo

Nilidhani kuna mtu amekufa.

Kitovu cha mwanangu kilikuwa bado hakijadondoka. Nilikuwa nimelala naye chumba cha nyuma, nyumbani kwa mama mkwe wangu huku mlimani, blanketi mpaka kidevuni na tumbo limejaa mtori wa ndizi na nyama, niliposikia ukelele wa mwanamke kutoka upande wa migomba. Ulikuwa mrefu, wa kutoka tumboni kabisa. Kwetu ukelele wa namna hiyo una maana moja tu, na anayeusikia huacha jembe alipo na kukimbia. Nikamkumbatia mtoto, nikawa nasikilizia miguu ya watu. Hakuna aliyekimbia. Badala yake sauti ile ile ikasema, kwa Kiswahili kilichonyooka na hasira ya kutosha kijiji kizima: "Refa, hayo macho umeyaacha nyumbani?"

Ilikuwa sauti ya mama mkwe wangu.

Naomba nieleweke. Huyu ni mwanamke ambaye kanisani hukaa benchi la pili kutoka mbele, na mchungaji akirefusha mahubiri yeye ndiye asiyejigeuzageuza. Siku niliyoletwa kutambulishwa alinishika mkono, akaniuliza kama nimekula, na hayo ndiyo yakawa mazungumzo yetu yote ya siku ile. Nilikuwa sijawahi kumsikia akipandisha sauti hata kwa kuku. Nikabaki nimekodolea dari macho, najiambia hii ni homa ya uzazi imenipanda kichwani.

Aliporudi jioni na bakuli la kitawa, zile ndizi za kupondwa na maziwa, alikuwa ametulia kama kawaida yake. Nikamuuliza kwa woga kama kuna msiba jirani. Akasema hakuna msiba, tumenyimwa penalti. Akanifunika miguu vizuri, akachukua bakuli la mchana, akatoka.

Kwa asiyejua mambo yetu: mwanamke akijifungua anapelekwa kwa mama mkwe, na huko anakaa ndani miezi mitatu. Kazi yake ni kula, kunyonyesha na kulala. Hapiki, hafui, hashiki ufagio. Jua analiona dirishani tu, mpaka siku atakapotolewa rasmi na mtoto wake, akiwa amenenepa, amesukwa, amevaa kitenge kipya, wageni wamealikwa na mbuzi amechinjwa. Mama mkwe ndiye mpishi na ndiye mlinzi. Mimi ni mzaliwa wa Mkuu, Rombo, na desturi hiyo tunayo. Kichagga cha kwetu na cha huku havisikilizani, ndiyo maana mimi na mama mkwe tunaongea Kiswahili, lakini mtori ni ule ule. Wenzangu wengi wa mjini siku hizi wanakaa wiki chache tu kisha wanarudi kazini. Mimi niliuza dawa za mifugo mpaka wiki ya mwisho ya ujauzito, nilikuwa nimechoka, nikasema mwaka huu nitalishwa kama mama zangu walivyolishwa. Tukafunga chumba chetu cha kupanga pale Rau mjini, tukapanda huku.

Nilichokuwa sijaambiwa ni kwamba dirisha la chumba cha uzazi linatazama uwanja wa mpira.

Nyumba imekaa katikati ya kihamba, shamba la ukoo la migomba na kahawa, na mpaka wake wa chini ni safu ya masale, ile mimea ya majani marefu tunayopanda mipakani. Ukivuka masale umeingia uwanja wa chuo cha ualimu. Hakuna ukuta wala wavu. Mpira ukipigwa ovyo unatua kwenye kahawa, na baada ya muda unasikia kijana anabisha hodi uani kwa adabu zote. "Shikamoo mama. Tunaomba mpira wetu." Mama mkwe anaitikia marahaba, anautoa, halafu kabla hajamkabidhi anamwuliza ni nani aliyepiga. Akijibiwa, anamweleza kwa upole kwamba mpigaji analala nyuma mno, aache kuuogopa mpira. Nilisikia hayo yote nikiwa kitandani na nilibaki mdomo wazi. Mimi nilimjua kama mtu wa kahawa, kanisa na ng'ombe mmoja.

Nilipomhoji mume wangu kwa simu, alicheka. Yeye anaongoza watalii wanaopanda kileleni, kwa hiyo nusu ya ndoa yetu ni simu za kukatikakatika. Akasema mama ni wa timu ya chuo tangu yeye hajazaliwa, na kwamba alidhani nilishajua. Ningejuaje? Nani anamwambia mchumba kwamba mama yake ni shabiki wa timu ya wanafunzi?

Maana hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote. Timu kubwa za Dar naelewa. Mtu anazikuta redioni, baba yake alizipenda, jezi zinauzwa kila kona ya soko. Lakini timu ya chuo haina mtu wa kudumu. Wanafunzi wanakuja kutoka Singida, Kigoma, Lindi, wanasoma miaka yao michache, wanapangiwa shule huko serikali inakojua, na wanaondoka na miguu yao. Kipa unayemzoea leo, mwakani anafundisha hesabu Mpanda. Unabaki na nini? Jezi za rangi ile ile na kiwanja kilichoinama upande mmoja. Na bado Jumamosi mchana watu wazima wanajaa pale kwenye ukingo, watu wenye wajukuu, na wanasema "sisi". Katika wote hao hakuna hata mmoja aliyesoma chuo kile.

Baadaye nilikuja kuwauliza mmoja mmoja walianzaje. Sikupata hata mmoja aliyesema ni kwa sababu timu inacheza vizuri, na kwa kweli haichezi vizuri. Kinyozi wa pale sokoni alisema alipohamia huku hakuwa na rafiki, na uwanjani hakuna anayekuuliza wewe ni wa ukoo gani. Mzee mmoja wa kwaya alisema mkewe alipofariki wakati wa masika, gari lilikwama chini kwenye tope, na timu nzima ikaacha mazoezi ikabeba jeneza mpaka kihambani. Hakuna hata mmoja wao aliyemjua mzee kwa jina. Tangu hapo hajakosa mechi, na vijana wale waliobeba hata yeye hajui waliko.

Lakini hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilikuwa ndani, na mambo yalianza kuharibika.

Asubuhi moja mama mkwe alianguka bandani akimlisha ng'ombe. Hakuumia, aliona giza tu, akakaa chini. Mume wangu alikuwa ameshuka mlimani siku hiyo, akampeleka hospitali mjini, na huko wakakuta presha iko juu mno. Daktari akamwuliza mama ana shughuli gani zinazompandisha moyo. Mama akasema hana, yeye analisha ng'ombe na kwenda kanisani. Mume wangu akamwambia mama, sema ukweli. Akausema. Nasikia daktari aliweka kalamu chini. Kisha akampa dawa, akamkataza chumvi, na akamkataza mpira.

Wifi yangu aliyeko Dar aliitisha kikao cha familia kwenye simu siku hiyo hiyo, na kikao kikaamua upesi. Mimi niko ndani saa zote, dirisha langu linatazama masale, kwa hiyo mimi ndiye mlinzi. Mama asivuke. "Wifi," aliniambia, "tunakutegemea wewe. Ukimwona anaelekea kule, piga simu." Nikasema sawa. Ningesema nini? Ndipo nyumba ile ikawa na wafungwa wawili na walinzi wawili, na ni watu wale wale. Yeye alihakikisha sivuki mlango wa uani, mimi nilihakikisha havuki masale. Nikisimama kunyoosha mgongo karibu na mlango, ananiuliza naenda wapi. Akifunga kilemba Jumamosi mchana, namwuliza naye anakwenda wapi.

Jumamosi ya kwanza alitii. Alileta kigoda chumbani kwangu, akakaa kando ya dirisha, mikono mapajani, shingo imenyooka. Mbali na kijia cha kwenda masale, hatukuona kitu kwa sababu ya migomba, lakini yeye alikuwa anaona. Watu wakinyamaza ghafla, alisema, hiyo ni faulo karibu na boksi. Wakiguna wote kwa pamoja, mpira umegonga mwamba. Ukisikia vicheko, kipa wetu amedaka vizuri halafu akaanguka kwa mbwembwe, yule wa Kigoma anapenda kusifiwa. Nilimsikiliza nikiwa nanyonyesha, na nilishtuka kutambua kwamba sijasikiliza kitu chochote kwa raha hivyo tangu nijifungue.

Jumamosi iliyofuata akachukua mundu na kamba, akasema anakwenda kukata majani ya ng'ombe. Hilo halikukatazwa na daktari. Aliporudi na mzigo kichwani nilimpokea kwa macho tu. Jumamosi ya baadaye vilevile. Ng'ombe ni mmoja, tena mzee, na lile rundo la majani nje ya banda lilikuwa limefika usawa wa dirisha langu. Majani yote yale yalikuwa ya aina moja, yale mafupi yanayoota pembeni mwa uwanja. Nilijiandaa kumgombeza. Nilipanga maneno, ya heshima lakini makali, na alipoingia na uji nilifungua kinywa. Kilichotoka kilikuwa: "Yule winga wa kushoto amepona goti?"

Sote wawili tukashangaa. Akaweka uji chini, akasema goti limepona ila amekuwa mwoga.

Kufumba na kufumbua nilikuwa nimeingia. Sijui neno jingine la kutumia. Sikuwa nimemwona hata mchezaji mmoja, lakini niliwajua kwa sauti, nani anaita mpira kwa kubembeleza na nani anaamrisha. Ijumaa usiku nilikuwa nikiombea mvua isinyeshe. Mimi, ambaye mume wangu akiweka mpira kwenye televisheni huwa naondoka kwenda kukunja nguo!

Kisha nesi, jirani yetu wa juu ambaye huja kupima watoto, alipita akampima na mama. Akapima, akapima tena mkono wa pili. Akaniita pembeni, yaani akaja kitandani kwangu na kuinama, akaniambia kwamba presha imepanda kuliko siku ile ya hospitali na kwamba kinachofuata hapo ni kiharusi. Hakusema labda. Alisema mama akiendelea hivi atapooza au atakufa, na akaniuliza kama bado anakwenda uwanjani.  Nilikuwa nimefanya mchezo na uhai wa mtu kwa sababu nilitaka kusikia habari za goti la winga. Jioni hiyo nilimwambia mama mkwe maneno ya nesi yote bila kupunguza, na nililia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaahidi hatavuka masale tena. Mama mkwe akiahidi, ameahidi. Mundu ukatundikwa ukutani na majani yakawa yanaletwa na jirani.

Ndipo timu yetu ikaingia fainali ya vyuo. Kama kuna mtu alikuwa ameitabiria hilo, sikukutana naye. Fainali ilipangwa kuchezwa pale pale, dhidi ya chuo cha tambarare kinachotufunga kila mwaka. Wiki ile nzima mama mkwe hakutaja mpira hata mara moja, na kimya chake kilinitisha kuliko kelele. Mume wangu alikuwa mlimani na wageni, kule juu ambako mtandao haufiki. Wifi alinipigia kutoka Dar kunikumbusha. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, mama ameshaahidi.

Jumamosi mchana mama mkwe aliingia chumbani amevaa nguo za kanisani. Alikaa kwenye kigoda, akamchukua mtoto kutoka kwangu, akamweka mapajani. Nilimwambia kwa uchangamfu wa kujilazimisha kwamba leo tutasikiliza wote, mimi na yeye na mjukuu. Nje watu walikuwa wameshaanza kujaa, ngoma inapigwa.  Alikuwa anamtazama mtoto.

"Leo nataka kumtoa mtoto," akasema. "Nimtoe mimi mwenyewe. Nimpeleke kule chini."

Nilidhani sijasikia. Miezi yangu ilikuwa haijatimia. Kitenge changu kilikuwa bado kwa fundi, mbuzi alikuwa bado anakula majani, hakuna mgeni hata mmoja aliyealikwa. Na huyu ndiye mwanamke aliyenizuia hata kusimama mlangoni. Nikamwambia mama, haiwezekani, na wewe uliahidi. Akasema anajua aliahidi, ndiyo maana amekuja kuomba.

"Kabla ya mume wako nilikuwa na mtoto," alisema.

Mume wangu, ambaye mimi na watu wote tunamwita kifungua mimba wa nyumba ile, hakuwa kifungua mimba.  Akasema mtoto huyo alikuwa msichana, na kwamba alizaliwa na kulala chumba hiki hiki, na aliyewatunza ni mama mkwe wake yeye, bibi yake mume wangu. Akafika wiki chache, akaugua kifua, asubuhi moja hakuamka. Wakamzika kihambani, chini ya migomba, siku hiyo hiyo. Kesho yake mtori haukuletwa. Mzazi asiye na mtoto hana uzazi, ndivyo ilivyokuwa, wala bibi hakuwa na ubaya. Alimpa mundu na kamba, akamwambia ng'ombe hana majani.

"Maziwa yalikuwa yanatoka," akasema. "Nguo yote kifuani imelowa. Nikaenda mahali ambapo nilijua hakuna wa kwetu, pale pembeni mwa uwanja, nikawa nakata. Wanafunzi wanacheza. Mpira ukatoka, ukaja mpaka miguuni kwangu. Nikauokota. Nikaukumbatia hivi." Alimkumbatia mtoto kidogo kunionyesha. "Nikashindwa kuuachia."

Alisema kijana mmoja alikuja mpaka karibu kuuchukua, akamtazama, akarudi nyuma. Akawaambia wenzake kitu. Hawakupiga kelele wala kucheka. Waliketi chini kwenye majani, timu nzima, na ile nyingine pia, na refa na filimbi yake, wakakaa kimya. Yeye akasimama pale na mpira kifuani akalia, kwa mara ya kwanza, maana nyumbani walikuwa wamemwambia anyamaze asije akaukausha uzao. Hakumbuki ilikuwa muda gani. Alipomaliza aliurusha mpira, wakasimama, wakaendelea kucheza.

"Walionijua wote walikuwa wananiharakisha," alisema. "Wale hawakunijua, wakanisubiri."

 Nilimwuliza kama mume wangu anajua. Akasema wote wanajua, ila jambo lenyewe hawalisemi. Akasema mume wangu alipozaliwa ilikuwa masika na mvua kubwa, akatolewa kanisani kama watoto wengine, na wadogo zake vilevile, na alishindwa kumwambia bibi anachokitaka. Siku aliyotoka chumba hiki kwenda uwanjani alitoka mikono mitupu. Anataka atoke tena, kwa njia ile ile, akiwa na kitu mikononi. Na amezeeka, na presha inapanda, na hajui kama kuna uzazi mwingine utakaomkuta hai.

Nilifikiria nesi. Nilifikiria wifi na simu yake. Mume wangu angeshuka kesho na akikuta mama yake amelala sakafuni, angeniuliza mimi. 

"Mama, na moyo wako?"

"Moyo huu umekaa na jambo hilo miaka yote hii. Dakika tisini utazimudu."

Nikashuka kitandani. Nikamwambia nakubali kwa sharti moja: mechi haitazami. Kazi yake ni mtoto tu. Awe amemshika, amtazame yeye, ampe mgongo refa na kila kitu chake. "Wewe shika mtoto," nilimwambia, "mpira niachie mimi." Akafikiri, akakubali. Akafungua sanduku lake akatoa kitenge chake kizuri kuliko vyote, akanifunga mwenyewe, akanifunga na kilemba. 

Jua lilinipiga usoni nikasimama kwanza. Miguu ilikuwa imesahau mteremko na mwili ulikuwa umenenepa kwa kitawa, nikawa natembea nimeshika migomba. Yeye alitangulia na mtoto kifuani. Tulipotokeza kwenye masale, waliokuwa karibu waligeuka, kisha na walio mbali. Mzee wa kwaya akavua kofia. Ngoma ikanyamaza. Mzazi hajatolewa na yuko uwanjani, na aliyemleta ni huyu, wa benchi la pili! Niliona kinyozi anamshika mwenzake mkono. Nilitaka ardhi inimeze, lakini nikasema shikamoo, shikamoo, huku na huku, kwa sababu sikujua la kufanya jingine.

Bibi mmoja mzee sana ndiye aliyeinuka kwanza. Alikuja akitetereka mpaka kwa mama mkwe, akamfunua mtoto uso, akamtemea mate kidogo kifuani, baraka ya wazee. "Aika, mae," mama mkwe akamshukuru kwa Kichagga. Yule bibi akamshika shavu, akamtazama kwa muda, na nikatambua kwamba anajua. Baada yake wakaja wanawake wengine. Kisha mama mkwe aliondoka kati yao akaenda peke yake mpaka kwenye kona ya uwanja, pale majani mafupi yanapoota, akasimama. Nilielewa kwamba nisimfuate.

Mimi nikatazama mpira, kama tulivyopatana. Kwa mara ya kwanza niliona sauti zangu zina miili. Kipa wa Kigoma alikuwa mfupi kuliko nilivyodhani. Winga wa kushoto kweli alikuwa mwoga. Mwanzoni nilikuwa nageuka kila mara kuangalia kona, nione kama bado amesimama. Alikuwa amesimama. Kisha tukafungwa goli la kijinga, na nikasahau kugeuka. Sitaeleza yote. Nitasema tu kwamba mwishoni kabisa winga yule alijitoa woga, akawapita wawili, akapiga, mpira ukaingia, uwanja mzima ukaruka, na mshika kibendera akawa ameinua kibendera chake. Kuotea. Refa akakubali. Hakukuwa na kuotea, niliona kwa macho yangu mawili.

Nilisikia mwanamke anapiga kelele. Anamwuliza refa amezaliwa wapi, amelipwa na nani, na kama kwao hawana aibu. Maneno mengine siwezi kuyaandika, nina mtoto anayekua. Watu waliokuwa mbele yangu waligeuka wakanitazama, na ndipo nikajua ni mimi. Nilikuwa nimeingia ndani ya mstari wa uwanja, kitenge cha mama mkwe kimelegea, kilemba kiko mabegani, machozi yananitiririka kwa ajili ya vijana nisiowajua majina.

Nikaguswa mkono kwa nyuma. Ndipo nilipokumbuka, nikageuka nikitegemea kumkuta nesi au mtu amekuja kuniambia kwamba mama ameanguka. Alikuwa mama mkwe mwenyewe. Mtoto alikuwa amemlalia begani, mdomo wazi, na mkono wake mmoja ulikuwa unampigapiga mgongoni taratibu. Uso wake ulikuwa umetulia kwa namna ambayo sijaiona tena.

"Mwanangu," alisema, "punguza sauti. Mtoto amelala."

Nikafunga mdomo. Mpira ulikuwa umeanza tena, tuko nyuma kwa goli moja na muda unakwisha, na yeye hakuutazama hata mara moja.